Bin juu ya bin, na mama zetu wako wapi?

Sebuleni kwa ami yangu, Mkomani, kuna karatasi ya nasaba iliyotiwa fremu. Wino umekuwa rangi ya chai. Majina kumi na manne, bin juu ya bin, mpaka Hadhramaut, huko Yemen. Tangu utotoni naiona ukutani, na ni mwaka huu tu nilipotanabahi kuwa hamna jina la mwanamke hata mmoja.

Sisi watu wa Lamu tukitafuta asili tunatazama baharini. Nani alishuka jahazini, katokea bandari gani. Waliompokea, wakamwoza binti yao, wakawalea wanawe kwa Kiswahili, hao hatuwaulizii. Naona ni kuwadhulumu mama zetu.

Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa DNA ya watu 80 wa kale, walioishi kati ya 1250 na 1800. Baadhi yao walizikwa Manda na Faza, visiwani kwetu hapa. Wengi wa watu wa pwani walikuwa na asili ya Kiafrika kupita nusu, nayo imetoka zaidi kwa wanawake. Ya Uajemi ililetwa zaidi na wanaume, na mchanganyiko ulikwishaanza kufikia mwaka 1000 hivi. Kwa hiyo wazee waliotuhadithia kuwa asili yetu ni Shirazi, mji wa Uajemi, hawakusema uongo. Walituhadithia upande mmoja.

Upande wa pili nimeukuta kwa bibi mzaa mama. Nyumba anayoishi ni ya mawe ya matumbawe, boriti za mikoko, na zidaka za chokaa alizopangia vikombe vyake. Alipewa na mamake alipoolewa, na babu ndiye aliyehamia. Ndiyo ada ya nyumba nyingi za hapa: binti hupewa nyumba. Basi vipi tuliokulia ndani ya urithi wa wanawake tushindwe kuwataja?

Nikaenda na daftari. Alianza polepole, huku akichambua mchele: mamake, kisha mama wa mamake, aliyetoka Siyu kwa washona makubadhi. Binti juu ya binti. Nilipofika jina la sita mkono wangu ulikuwa umechoka, mwandiko umeharibika. Akauweka ungo chini, akavuta daftari akalitazama.

"Hapo futa, uandike vizuri," akaniambia. "Huyo ndiye mwenye nyumba."