Umri wa Wale Watoto wa Mbwa wa Krismasi

Krismasi iliyopita nililazimika kuitazama tena Santa Paws 2: The Santa Pups, kwa sababu rimoti ilikuwa mikononi mwa wapwa zangu, nami nilikuwa mgeni tu pale sebuleni. Ni ile filamu ya mwaka 2012, ambamo watoto wanne wa mbwa wanajificha kwenye gari la theluji la mke wa Baba Krismasi, wanatua Pineville na kuanza kutimiza matakwa ya watoto bila mpango, hadi furaha ya sikukuu inaanza kutoweka duniani. Nyimbo zake ni tamu kupita kiasi, na Cheryl Ladd, aliyecheza huyo mke wa Baba Krismasi, anaigiza vizuri kuliko filamu yenyewe inavyostahili. Midomo ya mbwa, iliyochezeshwa kwa kompyuta, inafunguka na kufumba kama ya mtu anayetafuna jojo huku akisoma risala.

Yote hayo ningeyameza kimya kimya. Kilichonitia hasira ni jibu nililolazimika kumpa mpwa wangu mdogo alipouliza, "Mjomba, mbona hawakui?"

Hawakui kwa sababu wanabadilishwa. Mtoto wa mbwa wa jamii kubwa hubadilika umbo ndani ya wiki chache, na filamu haipigwi kwa wiki chache. Kwa hiyo mhusika mmoja huigizwa na mbwa kadhaa wanaofanana, mmoja akirefuka miguu anaingizwa mwingine. Biashara nzima ya uzuri huu inategemea umri, na umri wenyewe ndio ule ambao mtoto wa mbwa ana kinga dhaifu kuliko wakati mwingine wowote. Kingamwili alizozipata kwa mama yake kupitia dang'a, yaani maziwa yale ya kwanza, zinapungua, ilhali zile zilizobaki bado zinaweza kuizuia chanjo isifanye kazi. Ndiyo maana daktari wa mifugo hurudia chanjo ya parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia matumbo ya mbwa, mara kadhaa mpaka mbwa afikishe takriban wiki 16. Kumkusanya kiumbe wa namna hiyo na wenzake wengi, kumsafirisha mbali na kumweka chini ya mataa ya studio, ni kuuita ugonjwa kwa jina.

Na uliitika. Mwaka 2007, wakati filamu ya Snow Buddies ikipigwa katika jimbo la British Columbia, Kanada, chini ya mwongozaji yuleyule wa Santa Paws 2, Robert Vince, watoto wa mbwa waliugua na watano wakafa. Parvo ilikuwemo. Walitoka kwa mfugaji wa jimbo la New York, na baadhi yao walikuwa hawajatimiza wiki 8, ambazo sheria ya Marekani inazitaka kabla ya mbwa kusafirishwa kibiashara. Aliyewahi kumuuguza mbwa mwenye parvo anajua maana yake: harufu ya damu kwenye kinyesi haifanani na harufu nyingine yoyote, na mgonjwa hulaza kidevu ukingoni mwa bakuli la maji asiweze kunywa. Filamu ilitoka mwaka uliofuata, ya kufurahisha familia yote.

Sisemi kwamba hiyo ya 2012 ilimdhuru mnyama yeyote. Nakubali pia, kwa shingo upande, kwamba mwangalizi wa wanyama kwenye eneo la kupigia picha ni bora kuliko kutokuwepo mtu kabisa. Lakini ninashangaa, tena kwa dhati, watu wenye uwezo wa kumfanya mbwa aimbe wanapodai kwamba hawawezi kumsubiri afikishe miezi minne. Mwaka 2020 The Call of the Wild ilitengeneza mbwa mzima kwa kompyuta, kuanzia pua hadi mkia. Watazamaji wengi walilalamika kwamba macho yake ni ya bandia, na ni kweli, hata mimi yalinisumbua. Nitasumbuliwa hivyo kila Desemba bila kinyongo.

Hadi hapo watakapofika, ombi langu ni dogo. Katika ile orodha ndefu ya majina ya mwisho, ambamo hata mleta chakula anatajwa, waandikwe na hao mbwa wote walioigiza, si wahusika wanne tu, na kando ya kila mmoja ziandikwe wiki alizokuwa nazo siku alipotenganishwa na mama yake.