Vijifuko vya seli na saratani: tuviamini kwa lipi?

Seli za mwili huachia vijifuko vidogo mno kwenye damu, mkojo na mate. Vinavyozungumzwa zaidi, eksosomu, huanzia ndani kabisa: utando wa endosomu, kifuko kilicho ndani ya seli, hubonyea kwa ndani, hujikunja na kukatika, na kuacha vijifuko vya nanomita 30 hadi 150. Endosomu ikishajaa huungana na utando wa nje wa seli na kuvimwaga. Mwaka 1983, watafiti wa Montreal na St. Louis walipoufuatilia mchakato huo katika chembe nyekundu changa za damu, ulionekana kama njia ya seli kutupa isichokihitaji.

Lakini kinachotupwa hubeba protini na RNA (nakala za maelekezo ya jeni) za seli iliyokitupa, hata ikiwa ni ya saratani. Kama vinaweza kuifichua saratani mapema, hilo ni jambo kubwa kwa ugonjwa kama saratani ya kongosho, ambao kwa kawaida hugundulika umechelewa. Utando huilinda RNA isiharibiwe na vimeng'enya, na sampuli ya damu huchukuliwa kwa kuchomwa sindano ya kawaida.

Mwaka 2015 timu ya Houston iliripoti katika jarida la Nature kwamba protini ya glipikani-1 kwenye eksosomu iliwatenganisha wagonjwa wa saratani ya kongosho na watu wazima wa afya bila kukosea hata mmoja. Maabara nyingine zilipojaribu, hazikupata usahihi huo. Mimi sishangai. Lipoprotini, chembechembe zinazobeba mafuta kwenye damu, ni nyingi kupita eksosomu kwa mbali, na baadhi zinalingana nazo kwa ukubwa, hivyo ni vigumu kuzitenga; damu ikiganda kwenye chupa, chembe sahani (zinazogandisha damu) nazo huongeza vijifuko vyake. Anayetangaza kipimo kimoja cha saratani zote hajalijibu tatizo hili.

Kwenye mkojo naona matumaini zaidi, kwa sababu swali ni dogo. Kipimo cha ExoDx husoma RNA za jeni tatu, ERG, PCA3 na SPDEF, kwa wanaume wa miaka 50 na zaidi ambao PSA yao (protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu) inatia wasiwasi. Katika utafiti wa 2016, wanaume 27 kati ya kila 100 wangeepuka kukatwa kinyama cha tezi dume kwa sindano ili kipimwe, na wachache tu wenye saratani kali wangekosekana. Kuepushwa sindano hizo, pamoja na damu na maambukizi yanayoweza kufuata, si jambo dogo. Ila wengi waliopata alama za juu hawakuwa na saratani kali, hivyo mwenye alama hizo bado lazima akatwe kinyama ndipo aambiwe ana nini.