Kadi ya mpiga kura haiji kwa WhatsApp, na ni vizuri iwe hivyo

Septemba 2025, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu, mama mmoja anayeuza ndizi soko la Mbuyuni hapa Moshi alipoteza pochi kwenye daladala. Ndani mlikuwa na shilingi elfu kumi na tano, picha ya mjukuu na kadi yake ya mpiga kura. Kitambulisho cha NIDA kilikuwa salama kabatini. Siku mbili baadaye ukaingia ujumbe kwenye kundi la WhatsApp la kikoba chao: Tume ya Uchaguzi imefungua maombi ya kadi zilizopotea, bofya hapa, jaza jina kamili, namba ya NIDA na namba ya simu, lipia elfu tano ya uchapishaji, kadi utaichukua ofisi ya kata.

Akajaza, akalipa. Jioni akapigiwa simu na kijana mwenye sauti ya upole. "Shikamoo mama. Kuna namba sita zimeingia kwenye simu yako sasa hivi, naomba unisomee nikamilishe maombi yako." Akamsomea moja moja, tena kwa utaratibu ili kijana asikosee. Haikupita nusu saa wanakikoba wenzake wakaanza kupokea ujumbe kutoka kwake: dada nikwamue laki moja na nusu, nimeshikika, nitarudisha kesho asubuhi. Wawili walituma. Zile namba sita hazikuwa za Tume. Zilikuwa za kuhamishia WhatsApp yake kwenye simu ya mtu mwingine.

Tangu hapo nimesikia watu wakilizungumza jambo hili kwa namna mbili. Wako wanaosema mama alikuwa mzembe. Hao siwajibu, maana wengi wao hawajawahi kupoteza kadi wiki chache kabla ya kura. Wengine wanasema kosa ni la utaratibu wenyewe. LUKU tunanunua kwa simu, TIN unaipata ukiwa umekaa kitandani, cheti cha kuzaliwa unakiombea mtandaoni. Kwa nini kadi ya kura tu ndiyo idai mtu afunge meza yake ya ndizi akapange foleni? Wanasema kadi ingepatikana mtandaoni kwa njia halali, tapeli angekosa cha kuuza.

Hoja hii ina uzito, na hapa kwetu ina uzito zaidi kuliko sehemu nyingine. Desemba 2024, zamu ya Arusha na Kilimanjaro ya kuboresha daftari la wapiga kura ilipofika, kila kituo cha kuandikisha kilifunguliwa siku saba, saa 2:00 asubuhi mpaka saa 12:00 jioni. Desemba ni msimu wa wageni. Mpagazi aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Lemosho hukaa mlimani siku saba au nane. Anaagana na mkewe kituo hakijafunguliwa, anashuka Mweka na magoti yanayotetemeka, kituo kimeshafungwa. Dereva wa watalii wa Arusha aliyeko Serengeti na wageni wake yuko katika hali hiyo hiyo. Ukimwambia mtu kama huyo kwamba alipewa muda wa kutosha, unamkosea heshima.

Hata hivyo, nadhani wanaotaka kadi yote ihamie simuni hawajaangalia vizuri foleni ile inafanya kazi gani. Ukifika mbele ya mwandikishaji na mashine yake, unapigwa picha, unaweka alama za vidole, unatia saini, kadi inachapishwa ukiwa umesimama hapo hapo. Pembeni wamekaa mawakala wa vyama, watu wa mtaa ule ule wanaojua nani ni mkazi wa Pasua na nani ameletwa na basi. Baadaye daftari la awali linawekwa wazi, majina yanakaguliwa, mwenye pingamizi anaweka pingamizi. Kidole hakitumwi kwa kiungo cha mtandaoni, wala wakala hawezi kumtambua mtu aliyejaza fomu akiwa chumbani kwake. Kinachochosha pale ndicho hicho hicho kinachomfanya kishoka, yaani dalali asiye rasmi, ashindwe kuingiza majina hamsini kwa usiku mmoja.

Daftari la Kudumu la Wapiga Kura lilikuwa na majina 29,754,699 mwaka 2020. Kwa uchaguzi wa 2025 Tume ilitangaza 37,655,559. Ni ongezeko la karibu milioni nane, na wapo waliolihoji hadharani. Limehojiwa hivyo wakati kila jina linatakiwa liwe na alama za vidole nyuma yake. Je, lingehojiwaje kama majina yale yangeingia kwa fomu za simu? Mimi ningekuwa wa kwanza kuhoji. Watu wa pande zote za siasa hapa mjini, wanaobishana juu ya kila kitu kuanzia barabara mpaka ushuru wa soko, wanapaswa kuitetea hatua hii ya kufika wenyewe kituoni, kwa sababu ndiyo pekee ambayo raia wa kawaida anaweza kuiona kwa macho yake.

Tena mtandao haukukataliwa kabisa. Katika uboreshaji wa 2024 na 2025, aliyekwisha kuandikishwa na aliyetaka kurekebisha taarifa au kuhamia kata nyingine aliruhusiwa kuanza maombi kwa simu au kompyuta kwenye mfumo wa Tume. Lakini ilikuwa kuanza tu. Kumalizia ni kituoni, na kadi unapewa hapo kwa mkono. Aliyeandikishwa kwa mara ya kwanza alianzia na kumalizia kituoni. Ukilijua hilo, ule ujumbe wa kikoba unauona ulivyo. Haukusema popote kwamba mama aende akapigwe picha.

Kinachonisumbua zaidi, na ambacho sioni kikizungumzwa vya kutosha, ni ushauri wanaoutoa vishoka kwa mtu aliyepoteza kadi. Nimeusikia mwenyewe karibu na stendi: "Usijisumbue kusema imepotea. Sema hujawahi kujiandikisha, wanakuandikisha upya, mambo yanaisha." Kwa huduma hiyo anadai elfu kumi, na wakati mwingine anakusindikiza mpaka kituoni akiwa amekushikia nafasi kwenye foleni. Unaona kama umepata msaada. Ila umeshajiandikisha mara mbili, na kifungu cha 114 cha Sheria ya Uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani ya 2024 kinaliita hilo kosa la jinai. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi 100,000 na isiyozidi 300,000, au kifungo kisichopungua miezi sita na kisichozidi miaka miwili, au vyote pamoja.

Hebu upige hesabu ya muuza ndizi kama angeufuata ushauri huo. Kadi ni bure. Iliyopotea inatolewa nyingine bure, na iliyoharibika hali kadhalika. Kishoka amekula elfu kumi. Zile alama za vidole zinalinganishwa na zilizomo daftarini, na vidole vyako vya 2015, mwaka mashine hizi zilipoanza kutumika, ndivyo ulivyonavyo mpaka leo. Laki moja ya chini kabisa ni faida yake ya wiki ngapi? Na miezi sita ya chini kabisa, nani atafungua ile meza, nani atamlipia mjukuu nauli ya shule? Aliyempa ushauri hayumo popote kwenye karatasi. Fomu imesainiwa na mama. Tapeli wa kiungo alichukua pesa na WhatsApp yake, na vyote viwili viliuma, lakini kishoka wa foleni anamwachia mtu mwaminifu kesi, na anafanya hivyo huku akiitwa kaka.

Juu ya kuvitambua viungo vya uongo, nitasema kwa kifupi. Anwani ya ofisi ya serikali inaishia na go.tz, na kinachoangaliwa ni mwisho wake. Mtapeli anaweza kuyaweka maneno hayo katikati kisha akamalizia na kitu kingine. Malipo ya serikali, pale yanapokuwepo, huenda kwa kontroo namba, hayaendi kwenye namba ya simu ya mtu. Namba sita zinazoingia kwenye simu yako hasomewi mtu yeyote, hata akikuamkia vizuri namna gani. Ujumbe wa kitapeli unatumwa 15040, na kwa *106# unaona laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Hilo la mwisho mama hakulifanya mpaka nilipomwambia, na namba yake ya NIDA ilikuwa mikononi mwa watu wiki nzima.

Ninapokubaliana na wanaolaumu utaratibu ni hapa. Sheria inaitaka Tume iboreshe daftari mara mbili kati ya uchaguzi mkuu mmoja na mwingine. Katikati ya vipindi hivyo, aliyepoteza kadi hana meza ya kwenda. Na kwa wengi kadi hii si ya kura tu. Ni kitambulisho cha kuonyesha wanaposubiri NIDA. Katika pengo hilo ndimo tapeli anamolima. Dawa yake ninayoiona ni mashine moja ikae halmashauri mwaka mzima, Moshi na Arusha Jiji kwa kuanzia, mpagazi akishuka mlimani aende na vidole vyake siku yoyote ya kazi. Foleni ibaki, ila isiwe ya siku saba.

Na kuna jambo ambalo lingemwokoa mama yetu kama mtu angemwambia mapema. Aliyepoteza kadi lakini jina lake limo daftarini aliruhusiwa kupiga kura Oktoba 29 kwa kitambulisho cha NIDA, pasi ya kusafiria au leseni ya udereva, mradi taarifa zilingane na za daftari. Yeye alikuwa nacho cha NIDA muda wote, kabatini, chini ya vitenge. Orodha ilipobandikwa kituoni tulikwenda pamoja, akalitafuta jina lake kwa kidole kutoka juu, mstari kwa mstari, mpaka akalipata. Akabaki ameshika kidole hapo hapo kwenye karatasi.

"Kumbe nilikuwemo," alisema.

Wale wawili wa kikoba anawalipa elfu ishirini kila mwezi.