Benki ikianguka, Serikali inakaa kiti gani?

Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ya Tanzania (BoT) ilifuta leseni za benki tano kwa mkupuo: Covenant Bank for Women, Efatha, Njombe, Meru na Kagera Farmers' Cooperative Bank. Kwetu Kanda ya Ziwa iliyouma ni hiyo ya mwisho, maana fedha ya kahawa ya Bukoba huvuka ziwa na kuishia kwenye maduka ya jumla ya Mwanza. Sababu ilikuwa mtaji pungufu. Sina ugomvi nayo. Benki isiyo na mtaji inachezea akiba za watu.

Ugomvi unaanzia kwenye orodha ya pili ya siku ileile. Benki tatu zenye shida hiyohiyo ziliongezewa miezi sita, na mojawapo ni Benki ya Wanawake Tanzania, ambayo karibu hisa zake zote ni za Serikali. Twiga Bancorp, mali ya Serikali tupu, ilikuwa chini ya usimamizi wa BoT tangu Oktoba 2016 na haikufilisiwa. Mwaka huohuo wa 2018 zote mbili zikaunganishwa na Benki ya Posta, nayo ya Serikali. Covenant, benki ya wanawake isiyo ya Serikali, ikabaki imefungwa.

Wanaotetea uamuzi ule wana hoja, tena nzito. Wenzake wawili wa Benki ya Wanawake katika orodha ya kuongezewa muda ni benki ya ushirika ya Kilimanjaro na benki ya wananchi ya Tandahimba, ambazo si za Hazina. Isitoshe, msimamizi lazima aulize nani ataongeza mtaji kesho, na mwenye mfuko mrefu nchini anajulikana. Kuziunganisha benki kulilinda wenye amana bila kelele. Nakubali yote hayo. Lakini kwa sheria Katibu Mkuu wa Hazina ni mjumbe wa Bodi ya BoT. Hazina inamiliki benki, na Hazina imo kwenye chombo kinachoisimamia. Hata uamuzi ukiwa safi, mkulima wa Muleba hana namna ya kujua kwamba ni safi.

Sasa mtazame mkulima huyo. Tuseme alikuwa na milioni 8. Bima ya amana wakati ule ilikuwa na kikomo cha shilingi 1,500,000. Milioni sita na nusu zilizobaki zingesubiri mali za benki ziuzwe na madeni yakusanywe. Mfilisi, yaani anayeuza mali hizo na kuwalipa wanaoidai benki, ni Bodi ya Bima ya Amana, ambayo mwenyekiti wake kwa Sheria ya Mabenki na Taasisi za Fedha ya 2006 ni Gavana, yaani mkuu wa taasisi iliyofunga benki na iliyokuwa ikiikagua miaka yote. Kisha Bodi, ikishalipa bima, inarithi dai la mteja kwa kiasi ilicholipa. Kwa hiyo mfilisi naye anadai. Utaratibu wa kurithi dai ni wa kawaida duniani, na kuwaweka pamoja msimamizi, mtoa bima na mfilisi kunaokoa gharama na muda. Ila kama usimamizi wa BoT ulizembea, nani ndani ya chumba hicho atalisema?

Bank M ilipoyumba Agosti 2018, mali na madeni yake yalihamishiwa Benki ya Azania mwezi Januari uliofuata, na wenye hisa wakuu wa Azania ni mifuko ya hifadhi ya jamii. Mwalimu wa Nyamagana, anayechangia mifuko hiyo, akawa mwokozi wa benki bila kuulizwa. Huenda ni uwekezaji mzuri. Sina shida na hilo.

Wamarekani mwaka 2008, benki zao zilipoyumba, walimhoji Henry Paulson kwa sababu alitoka benki ya uwekezaji ya Goldman Sachs kabla ya kuwa Waziri wa Fedha. Alishaacha kiti cha zamani. Hapa viti vyote vinakaliwa kwa wakati mmoja, tena kihalali.

Kwa maoni yangu yanatosha mambo mawili. Katibu Mkuu atoke kikaoni benki ya Hazina inapojadiliwa, na iandikwe kwamba alitoka. Na mfilisi asiwe chini ya Gavana, kila mwaka abandike alichouza na alichogawa. Benki ipi iunganishwe na ipi, hilo wabaki nalo wataalamu.