Ami alipatikana, anwani hatukupewa

Hapa Malindi ukitaja kachero wa kukodi, watu hukucheka kwanza, kisha wakuulize ni mume wa nani safari hii. Ndivyo kazi hii inavyojulikana mjini: kijana ndani ya gari la vioo vyeusi, kamera mkononi, anamngoja bwana wa watu atoke nyumba ya wageni kule Watamu. Kazi za namna hiyo zipo, sikatai. Lakini mimi naziona ndizo nyepesi kuliko zote, maana anayelipa huwa keshajua jibu kabla hajatoa pesa. Uzito uko katika kumtafuta mtu aliyepotea. Na humo mna sharti moja ambalo nililipinga karibu mwaka mzima.

Babu alituachia shamba la minazi upande wa Mambrui. Warithi wote tuliwajua walipo, isipokuwa ami yetu mdogo, aliyeondoka miaka ya tisini baada ya ugomvi ambao kila mtu nyumbani anausimulia kivyake. (Mambo mawili matatu hapa nimeyageuza kwa makusudi. Mtaelewa mbele.) Faili la mirathi likakwama: barua ya chifu ilimtaja, na ridhaa ya warithi ilitaka saini yake kama ya wenzake.

Binamu yangu akaja na njia ya mkato. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 118A, inasema mtu akipita miaka 7 bila kusikika na wale ambao wangetazamiwa kupata habari zake, huchukuliwa kuwa amekufa mpaka ithibitishwe vingine. "Twende mahakamani tumalize," akasema. Shangazi alikuwa akipepeta mchele, akauweka uteo chini. "Umuue ndugu yangu kwa karatasi, na mimi kila Ijumaa namwombea apate afya?"

Basi tukatafuta mtafutaji.

Wa kwanza alikuwa na ofisi Mombasa, yenye kiyoyozi na kiti cha ngozi. Alitaka shilingi elfu 30 mkononi, akaahidi kututolea orodha ya simu na taarifa za M-Pesa za yeyote tutakayemshuku, kupitia "kijana wake wa ndani". Nakiri nilivutika. Usiku nikatulia nikafikiri. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaweza kumtia mtu hatiani kwa faini ya hadi shilingi milioni 3 au kifungo cha hadi miaka 10, na kijana wa ndani si chochote ila mwizi mwenye kitambulisho cha kazi. Ipo pia sheria ya 2016 inayosimamia ulinzi wa kibinafsi, nayo inawagusa hata wapelelezi. Nilipomuuliza kuhusu usajili wake alianza kunisimulia habari za mpira.

Wa pili alikuwa mama wa makamo, aliyewahi kuwa karani wa wakili. Hakuja na kamera. Alikuja na daftari la shule, akakaa na shangazi saa mbili nzima wakizungumza majina tu. Wasioijua pwani hawajui shida hii. Mtu wetu ana jina lake, la baba na la babu, na majina yenyewe ni yale yale. Mtafute Ali Mohamed Ali hapa Malindi, utaletewa watano kabla kahawa haijapoa. Kwenye kitambulisho karani kaandika "Mohammed" kwa em mbili, kwenye cheti cha madrasa ni "Muhamadi", na bandarini hakuna anayemjua kwa lolote katika hayo, wanamjua kwa lakabu. Kwa hiyo aliuliza lakabu. Akauliza mama yake anatoka wapi, alisomea chuo gani, alimpenda nahodha yupi, akiudhika hukimbilia wapi. Hilo la mwisho lilimfanya shangazi anyamaze kidogo.

Upekuzi wa ardhi alifanya, gazeti rasmi la serikali alilisoma, lakini siku nyingi zaidi alizimaliza barazani, na kwenye majahazi, akinunua kahawa za watu.

Kabla hajaanza alitupa karatasi tutie saini. Akimpata, atamwambia kwamba tunamtafuta na kwa nini, kisha atatuletea jibu lake. Anwani hataitoa ila kwa idhini ya mwenyewe. Niliona kama dhihaka: tunalipa sisi, siri ya nani? Akaniambia, "Mwanangu, hata Msalaba Mwekundu ndivyo wanavyofanya."

Hapo sikuwa na la kujibu, maana meza ile tuliiona wenyewe. Aprili 2023, habari za Shakahola zilipofumuka, ule msitu ambamo wafuasi wa mhubiri mmoja walifunga kula mpaka wakafa, Msalaba Mwekundu waliweka meza ya kutafuta jamaa katika hospitali yetu ya Malindi. Watu walitoka kila pembe ya Kenya na picha za harusi, picha za shule. Miili iliyofukuliwa ilipita 400, na ya kwanza kukabidhiwa jamaa zao baada ya vipimo vya DNA ilitoka Machi 2024. Jamaa wale walingoja karibu mwaka mzima. Tangu wakati ule, mtu akiniahidi jibu ndani ya siku tatu namwogopa.

Wiki ya saba simu ikalia. Ami yuko hai. Ana wake na watoto. Ridhaa atatia saini, na fungu lake la minazi apewe shangazi. Anapoishi tusiambiwe.

Binamu alikasirika mpaka leo hamsalimii yule mama. Mimi pia nilikasirika, halafu nikaanza kujiuliza angejuaje kwamba sisi ndio watu wema katika hadithi ile? Mke aliyekimbia kipigo hutafutwa na mume anayelia machozi ofisini na kuonyesha picha za watoto. Mtafutaji anasikia upande mmoja tu, ule wenye pesa. Mdai ana mahakama na hati za kuitwa shaurini, hilo ni jambo jingine. Lakini sisi jamaa tunadhani damu inatosha kuwa kibali, na mimi sidhani tena. Ami alikuwa na sababu zake za kuondoka, na katika zile hadithi zote za ule ugomvi, hakuna hata moja ambayo babu anatoka safi.

Karatasi ililetwa na mtu aliyeshuka kwenye basi, ndani ya bahasha ya kaki. Saini ilikuwa ya ami, herufi zile zile za kulalia kushoto. Chini yake, muhuri wa kamishna wa viapo, Lamu. Binamu akaanza kutaja visiwa: Pate, Ndau, Kiwayu. Shangazi akamchukulia bahasha mkononi, akaikunja, akaitia kifuani.