Aliyenakili Hakula Kiapo

Mwaka 1579, Malkia Elizabeth wa Uingereza alipokuwa akifikiria kuolewa na Francis wa Anjou, ndugu wa mfalme wa Ufaransa na Mkatoliki, Waingereza wawili waliandika kuipinga ndoa hiyo. John Stubbs alipeleka kijitabu chake kwa mchapaji. Philip Sidney aliandika barua, nayo ikapita mkono kwa mkono. Tarehe 3 Novemba Stubbs alikatwa mkono wa kulia hadharani huko Westminster, akavua kofia kwa mkono wa kushoto na kumwombea malkia. Sidney hakuguswa, na barua yake iliendelea kunakiliwa kwa miongo mingi, hata leo nakala zake zimo katika makaratasi ya koo nyingi za kikabaila.

Kisa hiki ndicho nguzo ya wale wanaoiona kila nakala ya mkono ya waraka wa kisiasa, popote inapoibuka katika kasha la ukoo, kuwa alama ya upinzani uliojificha. Kwa upande wa sheria hoja yao ina uzito. Chama cha wauza vitabu cha London kilipata hati yake ya kifalme ya kusimamia uchapaji mwaka 1557, na amri ya mahakama ya Star Chamber ya mwaka 1586 ikazuia mitambo ya kuchapa isiwekwe popote ila London na katika vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge. Kalamu ya unyoya haikuwa na msajili. Huongeza pia kesi ya Algernon Sidney ya mwaka 1683, ambaye Philip alikuwa kaka wa babu yake. Sheria ya uhaini ilitaka mashahidi wawili, serikali ilikuwa na mmoja tu, basi maandishi yaliyokutwa katika chumba chake cha kusomea yakasimamishwa kuwa shahidi wa pili. Jaji Jeffreys alitamka kwa Kilatini kwamba kuandika ni kutenda, na mwezi Desemba mshtakiwa akakatwa kichwa.

Ila Algernon alikuwa mtunzi wa maandishi yale, na mahakama ilikuwa na haja ya kumtia hatiani. Mwanahistoria anayefungua bahasha ya karatasi kuukuu hana haja hiyo, na sioni kwa nini arithi mantiki ya Jeffreys.

Tukitazame kitabu kinachojulikana kwa jina la Leicester's Commonwealth. Kilichapwa ng'ambo mwaka 1584, na mkono wa Wakatoliki waliokuwa uhamishoni unaonekana wazi ndani yake. Kilimtuhumu Robert Dudley, mpendwa wa malkia, kwa sumu, uzinzi na kifo cha mke wake wa kwanza. Serikali ikakipiga marufuku, na hakikuchapwa tena Uingereza hadi mwaka 1641. Kwa miaka 57 hiyo, aliyekitaka bila kuagiza nakala ya magendo alilazimika kukinakili au kumlipa wa kumnakilia, na hapa hatuzungumzii karatasi mbili tatu: ni kitabu kizima, cha kazi ya siku nyingi za wino na macho. Hata hivyo nakala zake za mkono zilizosalia ni zaidi ya 50. (Kichekesho kidogo ni kwamba kichwa cha asili cha kitabu hicho kilichochapwa kilijitambulisha kuwa ni nakala ya barua iliyoandikwa na msomi wa Cambridge, kana kwamba hata mchapaji alijua kuwa kitu kilichonakiliwa ndicho huaminiwa.)

Idadi hiyo imenikaa kichwani kuliko takwimu nyingine yoyote ya jambo hili. Iwapo kunakili ni kukubali, basi tabaka la wenye mashamba la Uingereza, lililojaa Waprotestanti waliokula viapo vya utii na kuketi mabungeni, lilikuwa na kundi kubwa la mawakala wa Wakatoliki. Hakuna anayeamini hivyo. Tafsiri inayobaki ni ya kawaida zaidi na, kwangu mimi, ya kuvutia zaidi: watu hawa walitaka kujua yanayosemwa kuhusu wakubwa, yakiwa kweli au uzushi, na walitaka kuyaweka nyumbani pa kurejea. Philip Sidney mwenyewe, mpwa wa Dudley, aliandika utetezi mkali wa mjomba wake, na utetezi huo nao ukabaki mswada usiochapwa maisha yake yote. Shambulio lililopigwa marufuku na jibu la jamaa wa mshambuliwa yalipita njia moja.

Mfano wa pili una mzaha mchungu. Mwaka 1614 mwana wa Dudley huyohuyo, aliyezaliwa nje ya ndoa na kuitwa Robert kama baba yake, aliandika akiwa Florence waraka wa kumshauri Mfalme James namna ya kulitia bunge lijamu na kujaza hazina. Nia yake ilikuwa kujipendekeza. Mwaka 1629 waraka huo uliibuka London bila tarehe wala jina, ukasomwa kama mpango mpya wa Mfalme Charles, na nakala zake zikafuatiliwa hadi maktaba ya Sir Robert Cotton, mkusanyaji mashuhuri wa miswada. Cotton alikamatwa pamoja na mabwana wakubwa, wakiwemo Bedford, Clare na Somerset, na maktaba yake ikatiwa muhuri. Mashtaka yaliachwa mwaka uliofuata, alipozaliwa mrithi wa kiti cha enzi, lakini Cotton alifariki mwaka 1631 akiwa hajarudishiwa uhuru wa kuingia katika vitabu vyake. Waliounakili waraka huo kwa pupa walikuwa hasa watu waliouchukia. Anayeikuta nakala yake katika makaratasi ya ukoo leo, akaandika kwamba ukoo huo ulipenda udikteta wa kifalme, ameusoma mswada kinyumenyume.

Tena mikono mingi iliyoandika nakala hizi haikuwa ya wenye nyumba. London ya miaka ya 1620 na 1630 ilikuwa na waandishi wa kukodiwa, na mmoja wao, asiyejulikana jina, watafiti wamemwita Feathery kwa sababu ya mikwaju yake myembamba kama unyoya. Miswada zaidi ya 100 imetambuliwa kuwa yake: hotuba za bunge, hoja za Cotton, barua ya Sidney kwa malkia. Aliuza alichotakiwa. Nao wanunuzi hawakuwa wa aina moja: William Davenport wa Bramhall, Cheshire, alijaza daftari lake kashfa za ikulu na mashairi ya kumsimanga Buckingham, mpendwa wa wafalme James na Charles, lakini vita vya mfalme na bunge vilipozuka hakuwa mtu wa bunge.

Sisemi kwamba nakala haina siasa. Mtu aliyesoma miaka ishirini ya mashtaka dhidi ya washauri wa mfalme hubadilika, hata akiwa anakusanya tu, na hapo wenye hoja ya upinzani wana haki kuliko wanavyopewa na wale wanaoyaita haya yote mazoea ya kuhifadhi. Tatizo ni kwamba mabadiliko hayo hayasomeki katika maneno ya waraka ulionakiliwa. Yanasomeka pembezoni: ni mwandiko wa nani, karatasi ilikunjwa kama barua au ilishonwa daftari, waraka uliwekwa jirani na upi. Hayo ndiyo yaliyoachwa mara nyingi na ripoti za tume iliyoundwa mwaka 1869 kuorodhesha miswada ya binafsi, ambazo ziliuona waraka unaojulikana na kupita.

Mwaka 1867, katika nyumba ya ukoo wa Northumberland jijini London, ulipatikana mswada wa miaka ya 1590 wenye kingo zilizounguzwa na moto. Ndani yake mna maandishi ya mwanafalsafa Francis Bacon, barua ya Sidney na sehemu ya Leicester's Commonwealth, vyote katika fungu moja. Jalada limejaa michoro ya kalamu ya mtu aliyekuwa akijaribu wino, jina la Shakespeare likirudiwa tena na tena, na orodha ya yaliyomo. Orodha hiyo inataja tamthilia mbili za Shakespeare, Richard II na Richard III, ambazo ndani ya mswada hazimo.