Ukuta wa yeni milioni 1.3

Novemba inapoyoyoma, mameneja wa supamaketi za Japani hukuna vichwa mbele ya ratiba ya zamu. Manunuzi ya mwaka mpya yanabisha hodi, foleni za malipo zinarefuka, na hapohapo wahudumu wao hodari, wengi wao akina mama wa makamo, wanaomba wapunguziwe siku. Si kwamba wamechoka. Wamejumlisha mapato yao tangu Januari wakaona wanaukaribia ukuta.

"Ukuta" ndilo neno lao wenyewe. Mke wa mwajiriwa asiyefikisha yeni milioni 1.3 kwa mwaka kwa kawaida huhesabiwa mtegemezi: anatibiwa kwa bima ya mumewe, na pensheni ya msingi anahesabiwa bila kuchangia hata yeni moja. Akivuka, anajilipia. Kwa ambaye mwajiri hajamwandikisha, mchango wa pensheni peke yake katika mwaka wa fedha 2025 ulikuwa yeni 17,510 kwa mwezi, zaidi ya 210,000 kwa mwaka, na bima ya afya bado. Aliyechuma milioni 1.31 anabaki na fedha kidogo kuliko aliyeishia 1.29.

Naanzia kwenye kaunta ya supamaketi makusudi, maana mjadala wa uongozi wa wanawake Japani huwa unaanzia kwenye bodi za makampuni na kuishia hukohuko. Jukwaa la Uchumi Duniani liliiweka nchi hiyo nafasi ya 118 kati ya 148 kwa usawa wa kijinsia mwaka 2025, na maelezo yakawa yaleyale: utamaduni, mafundisho ya Confucius, mke kumtii mume. Wenyeji wengi wana jibu lao: wanawake wenyewe hawataki vyeo. Wanaitwa, wanakataa.

Jibu hilo lina uzito. Meneja wa Kijapani hutoka kazini usiku, na anaweza kuhamishiwa mji wa mbali kwa taarifa fupi akaiacha familia nyuma. Anayeyatazama maisha hayo akasema asante, sitaki, hana kasoro. Tena katika nyumba nyingi mke ndiye mshika mkoba. Mshahara wa mume unaingia mikononi mwake, naye mume anapewa posho ya mwezi. Anayemwona mke huyo mnyonge ajaribu kuomba nyongeza ya posho hiyo.

Ila mtu huchagua kulingana na bei aliyobandikiwa, na bei hii ilibandikwa na Bunge. Mwaka 1985, ule wa mkutano wa wanawake wa Umoja wa Mataifa pale Nairobi, Japani iliridhia mkataba wa kufuta ubaguzi dhidi ya wanawake na kupitisha sheria ya fursa sawa za ajira. Mwaka uleule ikarekebisha pensheni na kumweka mke mtegemezi katika daraja lake, la tatu. Sheria zote mbili zilianza kazi Aprili 1986. Moja ilimwambia mwanamke apande ngazi, japo kuhusu kuajiri na kupandisha vyeo iliwataka waajiri wajitahidi tu. Katazo kamili lilisubiri hadi 1999. Nyingine ilimlipa asipande.

Hesabu inayoninyima raha ni hii. Kiwango cha milioni 1.3 hakijaguswa tangu 1993. Mwaka 2013 wastani wa kima cha chini ulikuwa yeni 764 kwa saa, kwa hiyo mama aliweza kufanya kazi kama saa 33 kwa wiki bila kugusa ukuta. Mwaka 2025 kima kilifika 1,121, na saa zikashuka hadi 22. Serikali inapandisha ujira ili watu wafaidi, kumbe kila nyongeza inamrudisha mama nyumbani mapema zaidi. Na nani atampa usimamizi wa idara mtu wa saa 22? Lengo la mwaka 2003, kwamba kufikia 2020 wanawake washike asilimia 30 ya nafasi za uongozi, lilipita bila kufikiwa, likasogezwa mbele.

Ni kweli wapo waliofika. Mitsuko Tottori aliyeanza kama mhudumu wa ndegeni mwaka 1985 (mwaka huo tena!) alishika urais wa Japan Airlines Aprili 2024. Sanae Takaichi alichaguliwa waziri mkuu Oktoba 2025, wiki chache baada ya kuwaahidi wanachama wa chama chake kwamba atafanya kazi, kazi, kazi, kazi na kazi. Kwa maneno mengine, anayetaka cheo aishi kama wanaume walivyoishi.

Shirikisho la vyama vya wafanyakazi, Rengo, linataka daraja la tatu la pensheni, lile la mke mtegemezi, lifutwe. Wanaopinga wanauliza: anayemuuguza mama mkwe atachangia kwa fedha ipi? Swali la haki, na ndiyo maana naona wauguzaji walindwe kwa sababu ya kuuguza, si kwa sababu ya kuolewa. Sheria ya Juni 2025 imechagua mwendo wa kinyonga: wanaofanya kazi saa 20 au zaidi kwa wiki wataingizwa kwenye bima ya mwajiri hatua kwa hatua, na zamu ya makampuni madogo kabisa itafika 2035. Mhudumu aliyekuwa na miaka 45 sheria ilipopita atakuwa na 55.